Mkono Ulioshika Usukani

Marehemu Mahmoud aliendesha lori la mizigo tangu ujana wake mpaka maradhi yalipomlaza, na alipofariki hakuacha duka wala shamba. Aliacha gari moja aina ya Pijo, jeupe na lililochakaa, pamoja na maneno ambayo mkewe Salme na mwana wao Maftah waliyajua kama walivyoijua Alhamdu. Alikuwa akiyasema wakati wa chakula, tonge likiwa mkononi.

"Gari likigonga au likigongwa, simama. Zima moto. Tazama mtu kwanza, chuma baadaye. Kata matawi uyalaze barabarani, mbele na nyuma, wengine wasije wakakurukia. Majeruhi mpeleke hospitali, usiulize ni wa nani. Kisha nenda polisi ukaseme ulichokiona. Usiseme ulichokidhani."

"Bwana we, umeoa mke au umeoa barabara?" Salme alikuwa akimtania, na Mahmoud hucheka, halafu huanza upya kwa Maftah.

Lakini hayo yalikuwa maneno ya zamani, na Kampala ya miaka ile ya utawala wa wanajeshi ilikuwa imeshajifunza mengine. Ukigongwa na gari la askari, wewe ndiye unayeomba radhi. Mtu aliyelala barabarani na damu yake humgusi, kwa kuwa atakayembeba ndiye atakayeambiwa amemgonga. Watu wema, watu wa kusali, walipita kando wakiwa wametazama viatu vyao. Maftah hakuweza kupita kando. Alikuwa mtoto wa baba yake, na hilo ndilo lililomponza.

Siku hiyo walitoka nyumbani kwao Kyebando kwenda kununua mkaa Namuwongo, na sasa walikuwa wakirudi, mama ameketi mbele kando ya mwanawe, magunia yako nyuma. Kizuizi cha reli kilikuwa kimeshushwa. Gari moshi la mizigo lilikuwa likijikokota, na Maftah alikuwa amesimama kwenye foleni, amezima injini ili asipoteze petroli iliyopatikana kwa kubembeleza. Gari jeusi likaja kwa nyuma kwa kasi na halikupunguza mwendo. Likatoka kwenye mstari, likapanda ukingoni walikopita waenda kwa miguu. Salme alimwona mwanamke mwenye beseni la mihogo kichwani. Alimwona akigeuka. Kisha beseni likawa juu ya boneti, na mwanamke hayupo.

Gari lile likakwaruza ubavu wa Pijo, taa yake ya mbele ikapasuka, likasimama. Salme na dereva wakatazamana, dirisha kwa dirisha. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sare ya jeshi, na nyuma yake magunia ya sukari yamepangwa mpaka darini, sukari ambayo watoto wa mji mzima walikuwa wameisahau ladha yake. Kizuizi kikainuliwa. Dereva akakanyaga mafuta, akaenda zake.

"Banange! Jamani wee!" wanawake walilia, lakini walilia wakiwa mbali.

Maftah alishuka. Alivunja matawi, akayalaza mbele na nyuma. Akamwinua yule mwanamke kama mtu anavyoinua mtoto aliyelala, akamlaza kiti cha nyuma baada ya kusukumia magunia kando.

"Mama, njoo unishikie kichwa chake."

Salme akamshika, kichwa kiko mapajani pake. Damu ilipenya buibui ikafika ngozini.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Nabwire." Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Mume wangu ni Wanyama, yule wa reli. Mwambie Wanyama..."

Alichotaka Wanyama aambiwe hakikutoka. Kabla hawajafika hospitali Salme alikuwa amemfumba macho kwa kiganja chake na kusema inna lillahi, na Maftah alikuwa akiendesha huku machozi yanamtoka bila kuyapangusa.

Walimkabidhi marehemu kwa wauguzi, wakaenda polisi, kama Mahmoud alivyoagiza. Askari wa zamu alisikiliza vizuri mpaka aliposikia "sare ya jeshi." Hapo akaweka kalamu chini.

"Kijana," alinong'ona, "nenda nyumbani ukaoshe gari. Mimi sijakuona."

Walikuwa wamechelewa. Gari jeusi lenye taa iliyopasuka lilikuwa tayari limeingia uani, limeziba njia ya Pijo. Yule mwanamume mnene alifungua mlango wa Pijo kama gari lake, akagusa kiti cha nyuma, akainua vidole vyekundu.

"Damu hii ya nani?"

"Ya mama uliyemgonga, afande," Maftah akajibu.

Kofi lilimpeleka mpaka kwenye ukuta.

"Gari gani iko na damu? Yangu ama yako?"

Yeye na wanajeshi aliokuja nao wakamchukua Maftah, wakachukua Pijo na mkaa uliomo. Salme akabaki uani na buibui lake zito la damu. Askari wa zamu alikuwa anatazama ukutani, kama mtu anayesoma kalenda. Salme hakulia. Kilichompanda kifuani hakikuwa kilio. Alikuwa na hasira na yule mnene, na askari wa zamu, na wale wanawake waliolia kwa mbali. Alikuwa na hasira hata na Mahmoud kaburini, kwa kumlea mtoto kwa ajili ya dunia ambayo haipo tena. Akaomba msamaha kwa hilo la mwisho. Mengine hakuyaombea.

Kesho yake alikwenda kwenye lango la kambi ya jeshi pamoja na Sadiq, ndugu wa marehemu mumewe, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kyebando. Walijua sasa kwamba yule mnene ni Sajini Sulaimani. Walidhani watafukuzwa. Badala yake sajini alitoka mwenyewe kuwafuata chini ya jua, akawasogeza mbali na walinzi, na Salme akaona kwamba kila mara anageuka kutazama ofisi zilizo nyuma yake. Gari jeusi lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta. Taa iliyovunjika ilikuwa imefunikwa gunia.

"Wewe mama ya ile kijana?"

"Ndiye mimi."

"Kijana yako iko na kichwa ngumu. Nauliza yeye, nani naua bibi ya Wanyama? Yeye nasema, wewe. Nachapa yeye, nauliza tena. Nasema, wewe!" Alitema mate kando. "Wewe nafundisha yeye nini?"

"Alifundishwa na baba yake."

"Baba yake iko wapi?"

"Ameshafariki."

"Basi yeye nataka fuata baba."

Sadiq akashika mkono wa shemeji yake asijibu. "Afande," alisema kwa unyenyekevu, "tuambie tufanye nini."

Sajini akashusha sauti. Gari jeusi lilikuwa la mkubwa wake. Mkubwa hakumtuma mahali, wala hakujua habari za sukari. Alichojua ni kwamba taa ya gari lake imevunjika na kwamba watu wa reli wananung'unika, na alitaka kuambiwa na wafiwa wenyewe ni nani aliyeua.

"Kesho kuna kilio kwa nyumba ya reli, Namuwongo. Mkubwa natuma koplo yake kusikiliza. Wewe mama nakuja. Nasema mbele ya watu yote, mtoto yangu naua Nabwire, naomba samahani. Mimi naleta kijana. Maneno nakwisha, yeye nakwenda na wewe nyumbani."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, usikuje uliza tena yeye iko wapi."

 Sajini alidhani amemshinda Salme, na hapo, kwa kutaka kukaza fundo zaidi, akaongeza la kwake.

"Na utashika Msahafu. Watu ya reli nasema Waislamu ni waongo, lakini mama mzee kama wewe nashika Msahafu, nani nabisha?"

Aliposema "Msahafu" vidole vyake vilipanda vyenyewe mpaka juu ya kiwiko. Chini ya sare, mahali pale, Salme aliona uvimbe mdogo wa mraba na uzi mweusi umejitokeza. Hirizi. Mtu huyu hakumwogopa Nabwire wala polisi, lakini kulikuwa na kitu anachokiogopa kiasi cha kukivalia hirizi kazini.

"Nitakuja na Msahafu wangu," alisema.

Jioni ile Rukiah, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuja na uji wa mtama usio na sukari, akaketi mkekani pamoja na Sadiq.

"Shoga, nenda kaseme," alisema Rukiah. "Nenda kaseme hata mimi Rukiah ndiye niliyemgonga, na mimi hata baiskeli imenishinda! Bora mtoto arudi."

"Uongo wa kuokoa roho una ruhusa, shemeji," Sadiq aliongeza. "Hilo halina ubishi."

"Na wa kuushikia Msahafu?"

Sadiq akavua kofia, akaitazama ndani.

"Sikiliza, Sadiq. Uongo wa mdomo ningeweza kuubeba, nikaulizwa mbele ya Mola nikajibu. Lakini yule mwanamke amekatia roho mapajani pangu akimtaja mumewe. Nami niende nikamwambie huyo mume kwamba aliyembeba mkewe ndiye aliyemuua? Wampige mwanangu, wachukue gari la mume wangu, halafu na mimi niwape ulimi wangu kama nyongeza?" Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana Rukiah akaweka bakuli chini. "Wallahi, hapana."

"Basi Maftah atakufa," Sadiq alisema.

"Maftah ni mwanangu mimi. Usinisomee hilo kama habari mpya."

 Rukiah alilia kidogo. Salme akachukua buibui lililokwisha kuoshwa, akalikung'uta, akalikunja. Kisha akamwambia shemeji yake, "Kesho nitakapoomba dua, wewe itikia. Usitazame pembeni. Itikia tu."

Kwenye nyumba za reli jeneza lilikuwa limewekwa nje juu ya viti, chini ya turubai. Jioni lingepakiwa kwenye gari moshi kwenda kwao Samia, upande wa Kenya. Wanawake wa kwao Nabwire walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti zilizochoka, na wafanyakazi wa reli walisimama nyuma kwa makundi, mashati yao meusi kwa grisi. Salme alipoingia na Sadiq nyimbo zilikatika. Mwanamume mrefu mwenye macho mekundu akamkabili.

"Wewe ndiye mama wa dereva?"

"Ndiye mimi, baba. Poleni sana kwa msiba."

"Umekuja hapa na miguu gani? Mtoto wako ameniulia mke halafu unaniambia pole?" Huyo alikuwa Wanyama. "Nimwachie nani yule mdogo aliyekuwa ananyonya? Nimwachie wewe?"

Nyuma ya Salme ukasikika mlio wa injini anaoufahamu. Pijo nyeupe ya mumewe ilikuwa ikiingia uani, na Sajini Sulaimani ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Wakamshusha Maftah mikono imefungwa kwa mbele. Jicho moja lilikuwa limefumba na midomo imepasuka. Watu wa reli wakanguruma. Mwanamke mmoja akaokota jiwe. Aliyemshika Maftah alikuwa koplo mmoja mwembamba, mtu wa mkubwa, aliyetazama yote kwa uvivu kama aliyetumwa sokoni asikokupenda.

"Kimya!" sajini alipaza sauti. "Mama ya muuaji nasema leo. Na nashika Msahafu, mtu asibishe. Mama, sema!"

Salme akafungua kanga, akatoa Msahafu, akauweka kifuani. Alimtazama Maftah. Jicho lile moja lililobaki wazi lilikuwa likimwomba, na hakujua linaomba aseme au asiseme.

"Nilikuwa ndani ya gari," alianza. "Nabwire alikufa mapajani pangu, na mkono huu ndio uliomfumba macho. Nimeambiwa niape. Mimi ni mjane, sina mume wala sina bunduki, sina cha kuyaongezea uzito maneno yangu. Kwetu kiapo kizito kinaombewa dua na watu wote wakaitikia. Afande ni Mwislamu, anajua. Naomba ruhusa niape hivyo."

Sajini aliangalia koplo, akaangalia umati. "Haya, apa, apa. Upesi."

Salme akainua Msahafu kwa mkono mmoja na kiganja cha pili mbinguni. Hasira yote aliyotoka nayo pale uani polisi ikapanda, lakini maneno yalitoka taratibu, moja moja, kama anavyohesabu tasbihi.

"Ee Mola, Wewe ulikuwepo pale kwenye reli. Mkono ulioshika usukani uliomuua Nabwire unaujua. Kama ni mkono wa mwanangu Maftah, na ukauke, uanzie kwenye kidole ufike begani, nami mamaye niuone kabla sijazikwa. Kama ni mkono wa mtu mwingine, na ukauke vile vile. Ukauke ukiwa umeshika usukani, ukauke ukiwa umeshika tonge, ukauke ukimpapasa mwanawe. Asipate usingizi mpaka aseme mbele ya watu alichokifanya. Na mimi nikiwa nimemsingizia mtu, nianze mimi. Semeni Amina."

"Amina," akasema Sadiq, na hakutazama pembeni.

"Amina!" Hiyo ilikuwa ya Maftah. Alikuwa ameinua mikono yote miwili pamoja na kamba yake, juu ya kichwa, na damu ilikuwa imeanza upya mdomoni kwa nguvu ya kulisema neno hilo.

"Amina," wakasema watu wa reli, maana hata kanisani neno ni hilo hilo. "Amina," wakasema wanawake wa Samia. Koplo naye, kwa mazoea ya utotoni, viganja vyake vilikuwa vimefunguka mbele ya kifua. "Amina."

 Wanyama alikuwa akimtazama Maftah na mikono ile iliyofungwa ikiwa bado juu. Polepole akageuza shingo akamtazama sajini. Mikono ya sajini ilikuwa imebana mapajani. Midomo ilikuwa imefungwa.

"Afande," Wanyama aliuliza, "wewe si Mwislamu?"

"Mimi Mwislamu."

"Mbona hujaitikia? Mimi Mkristo nimeitikia. Huyo mnayemwita muuaji ameitikia."

"Mimi iko kazini!"

"Hata mimi niko kazini, afande," koplo alisema kwa uvivu ule ule. "Sema tu. Neno moja. Ama mkono yako nauma?"

Mtu mmoja kati ya wale wa reli alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Sajini alifungua mdomo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo na kwenye shingo. Salme aliuona mkono wa kushoto ukipanda wenyewe mpaka juu ya kiwiko, ukaishika hirizi kupitia kitambaa cha sare. Neno halikutoka. Mkono wa kulia aliutia mfukoni, kama mtu anayeficha alichoiba, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka Pijo ikamgusa mgongoni. Akaingia. Akaondoka nayo.

Yule mwanamke mwenye jiwe akalitupa chini. Koplo alifungua kamba ya Maftah.

"Mimi natumwa kusikiliza," alisema. "Nimesikia." Akatoka kwa miguu bila kuaga.

Wanyama alisimama mbele ya Salme, mabega yameshuka.

"Alisema nini, mama? Mwishoni."

"Alikutaja wewe, baba. Alitaka nikuambie neno, lakini hakulimaliza. Alianza na jina lako."

Mwanamume yule mrefu akaketi chini kwenye vumbi. Alipoinuka alimshika Maftah mkono, ule wa kulia, akautazama kwanza.

"Huyu atabeba jeneza pamoja nasi," aliwaambia watu wake. "Mpaka nyumbani kwetu, ng'ambo ya mpaka, na abaki huko. Hapa wataua kila anayebeba majeruhi."

Kwa hiyo Salme alimpata mwanawe na akampoteza jioni ile ile. Waliagana kando ya behewa, wafiwa wakiwa wamewazunguka.

"Mama, nilifanya tu kama baba alivyosema."

"Ulifanya. Na huko uendako ukimkuta mwingine amelala barabarani, fanya tena."

Habari zilizofuata zililetwa na Rukiah, ambaye habari hazikumkawilia. Mkubwa wa jeshi alimwita Sajini Sulaimani akampiga makofi kwa ajili ya taa. Sukari akaichukua yeye. Habari za Nabwire hakuziuliza. Pijo ikabaki kwa sajini, akawa anatembea nayo mjini kama urithi wa baba yake.

Salme aliikuta siku moja Ntinda, alipokuwa anatoka sokoni. Ilikuwa imesimama kwenye njia panda, ubavu wake ungali na mkwaruzo mweusi, na kwenye usukani yuko yule mnene. Watu waliokuwa barabarani wakaanza kutazama viatu vyao. Salme akaweka kikapu chini. Akasogea mpaka dirisha kwa dirisha, kama siku ile. Hakumtukana. Aliinua viganja vyake, akasema kwa sauti ya kutosha barabara nzima kusikia:

"Amina."

Sajini hakumjibu. Aliutoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaukunja, akaukunjua, akautazama kiganjani na mgongoni. Magari ya nyuma yakapiga honi na yeye bado anautazama. Muuza nyanya mmoja aliyekuwa ameketi ukingoni, ambaye hakuwa akijua lolote, akamtazama mjane, akamtazama askari, naye akasema polepole, "Amina."

Salme akainua kikapu chake akashika njia ya Kyebando. Hasira yake ilikuwa nzima, haikupungua hata chembe, na hakuwa na haraka ya kuiacha.